Kisu cha Loveless na bei ya foleni

Mwaka 1954 baharia wa meli za biashara aitwaye Robert Loveless aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch jijini New York kununua kisu cha Randall. Visu hivyo vilitengenezwa Orlando, Florida, na Walter Doane Randall, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bo, na sifa zake zilikuwa zimeenezwa na askari wa Marekani waliovibeba katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Loveless aliambiwa asubiri miezi tisa. Akaenda zake, akatafuta springi ya gari la Packard la mwaka 1937 kwenye vyuma chakavu, akaipasha moto kwenye jiko la meli na kujitengenezea kisu chake. Duka lile lile likakipenda, na tangu mwaka huo hadi 1960 likawa linauza visu vyake vyenye chapa ya Delaware Maid.

Loveless alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 81, baada ya kufanya kazi kwa miongo mingi huko Riverside, California. Kisu chake kikubwa cha mapambano, Big Bear, kikiwa katika hali nzuri na asili yake ikijulikana, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hakina dhahabu wala kito cha thamani. Chuma chake leo unaweza kukipata kwenye kisu cha kiwandani ambacho mtu hanung'uniki akikipoteza.

Watu wengi wakisikia bei hiyo hutoa moja ya majibu mawili. Wapenzi wa visu husema ni ubora, na wasiovipenda husema ni upumbavu wa matajiri. Sioni kama jibu lolote kati ya hayo linasimama. Ubora upo, na una gharama inayoweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi, lakini hesabu hiyo inaishia mbali sana na bei ya mwisho. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni bei ya foleni. Na wanaolipa bei hiyo wana sababu zao, hata kama mimi nisingelipa.

Kilichomo ndani ya chuma

Tuanze na kinachoshikika. Karibu mwaka 1972 Loveless alianza kutumia chuma cha 154CM, kilichotengenezwa na kampuni ya Crucible kwa ajili ya vipuri vya viwandani. Kina kaboni takriban asilimia 1, kromi 14 na molibdeni 4. Ukilinganisha na 440C, chuma kisichoshika kutu kilichokuwa kikisifiwa wakati ule, molibdeni hiyo inakifanya kistahimili zaidi kulika kwa makali. Baadaye Loveless na mafundi wengi waliomfuata walihamia ATS-34 ya Hitachi ya Japani, ambayo ni karibu chuma kile kile.

Kipande cha chuma cha aina hii kinachotosha kisu kimoja hugharimu makumi ya dola. Hata vyuma vya kisasa vya unga, ambavyo huyeyushwa, hupulizwa vikawa chembechembe na kugandamizwa upya ili kabidi zake, yaani chembe ngumu za kaboni na metali, zitawanyike sawasawa, havibadilishi sana hesabu hii. Anayekuambia kisu ni ghali kwa sababu ya chuma anakusomea lebo tu. Titani ya mipini ya visu vya kukunja nayo ni vivyo hivyo: ni ghali kuliko alumini, na inatesa misumeno na mikanda ya msasa, lakini haifikishi kisu kwenye bei ya gari.

Chuma kikishakatwa hupashwa hadi nyuzi joto zinazozidi kidogo 1,000 za Selsiasi, kikapozwa haraka, mara nyingi kikashushwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kipunguze ugumu uliopitiliza na kisivunjike kama kioo. Lengo huwa kati ya 58 na 62 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kisu kizuri na kibaya kuliko jina la chuma, lakini haimhitaji fundi maarufu. Karakana zenye tanuri zinazodhibitiwa kwa kompyuta huifanya kwa mafungu, tena kwa usawa ambao fundi wa peke yake atahangaika kuufikia.

Kilichomo mkononi

Ufundi wenyewe ni jambo jingine, na hapa inafaa kwenda taratibu, kwa sababu ndipo Loveless alipoubadilisha ulimwengu wa visu vya kutengenezwa kwa mkono.

Kwanza, pamoja na kwamba kisu chake cha mwanzo kilitokana na springi iliyopashwa moto, hakuendelea na njia ya wahunzi. Alieneza njia ya kuchukua bapa la chuma, kuchora umbo juu yake, kulikata na kusaga kila kisichotakiwa. Kwa njia hii asiye na tanuri la kufulia wala nyundo kubwa aliweza kutengeneza kisu nyumbani, na kizazi kizima cha mafundi kiliingilia mlango huo. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha mafundi wa visu cha Marekani, Knifemakers' Guild, na alifundisha waziwazi bila kuficha mbinu zake. Kwa hiyo hakuna siri ya Loveless. Hili tulikumbuke, maana litatusaidia mbele.

Pili, ubapa wake husagwa kwenye gurudumu hadi pande zote mbili ziwe na mbonyeo. Fundi hushika chuma kwa mikono na kukipitisha kwenye mkanda wa msasa unaozunguka kwa kasi, upande huu kisha ule, na mistari ya juu ya mbonyeo lazima ikutane sawa kabisa pande zote mbili. Kinachomwongoza ni jicho na kiwiko. Akikosea kidogo upande mmoja anaweza kusawazisha upande wa pili, lakini kila akisawazisha ubapa unakonda, na upo mpaka ambao akiuvuka kazi ya siku nzima inakwenda kwenye pipa la taka.

Tatu, msuka wake, yaani sehemu ya chuma inayobeba mpini, haulingani unene. Huanza mnene kwenye shingo ya kisu na kupungua hadi kuwa mwembamba mwishoni mwa mpini. Faida yake ni wepesi na mizani, kwa kuwa uzito hausogei nyuma kwenye kiganja. Hasara yake ni kwamba kila kitu kinachogusa msuka huo kinakuwa na pembe. Vipande vya mpini havikai sambamba, matundu ya parafujo hayawi wima kwa kila upande, na gundi ikiwekwa kwa haraka inaacha ufa. Viwanda vingi huukwepa kwa sababu hiyo.

Big Bear inaongeza tatizo juu ya matatizo hayo. Ni kisu cha makali pande mbili chenye kikingio cha kawaida mbele ya mpini na kikingio kingine kidogo kinachokaa kati ya kidole cha shahada na cha kati, ili mkono usiteleze mbele wakati wa kuchoma wala kuachia wakati wa kuchomoa. Kikingio hicho cha pili kimezamishwa katikati ya mpini, kwa hiyo mpini unagawanyika na kila kiungo kinaonekana. Pakiwa na nafasi ya unene wa unywele, mnunuzi mwenye lenzi ataiona. Nimewahi kusoma mabishano marefu ya wakusanyaji juu ya mstari mmoja wa kulehemu, na nakiri sikuwa na la kuchangia.

Kalamu na karatasi

Sasa tuweke thamani ya mkono huo. Tuchukue fundi wa kufikirika, hodari, anayetumia saa 25 kwa kisu kigumu cha mapambano na kujilipa dola 50 kwa saa. Hiyo ni 1,250. Tuweke 150 kwa chuma, vifaa vya mpini, ngozi ya ala na mikanda ya msasa. Kisu kimoja katika kila kumi kiharibike, kwa hiyo tisa vilivyobaki vibebe gharama yake. Tuongeze umeme, kodi ya karakana na mashine zinazochakaa. Tunafika karibu dola 1,800, tukiwa wakarimu.

Kwa hiyo mtu anayeshangaa kwa nini kisu cha mkono kinauzwa dola elfu moja au mbili, jibu lake ni hilo, na halina muujiza wowote. Kwa bei hiyo fundi huyu hatajirika. Wapo wengi walioacha kazi hii na kurudi kwenye ajira.

Lakini kutoka 1,800 hadi makumi ya maelfu, kalamu yetu imekauka. Ndipo tunageukia foleni.

Fundi wetu akifanya kazi saa 40 kwa wiki, na robo yake ikaliwa na simu, kufunga vifurushi na kujibu wateja, anabaki na saa 30. Hizo ni sawa na visu 60 kwa mwaka wa wiki 50, kabla ya kuondoa vinavyoharibika. Akipata oda 300, ambazo si nyingi kwa mtu aliyesifiwa, tayari ana foleni inayozidi miaka mitano. Hawezi kuajiri watu kumi ili aipunguze, kwa sababu mteja hakuagiza kisu tu, aliagiza kisu kilichotoka kwenye mikono ile.

Atakayekuja leo na dola 1,800 ataambiwa arudi baada ya miaka mitano. Baadhi watakubali. Mwingine atasema: nitamtafuta aliyekwisha kupata kisu chake, nimwongezee fedha aniachie. Nyongeza hiyo ndiyo bei ya foleni. Kwa visu vya Randall jambo hili limekuwa la kawaida kwa miongo mingi: anayeagiza moja kwa moja Orlando hutoa arubuni na kusubiri miaka, na asiyetaka kusubiri huenda kwa mfanyabiashara mwenye kisu mkononi na kulipa zaidi. Chuma hakitofautiani, mpini hautofautiani. Alichonunua huyu wa pili ni muda.

Kwa nini fundi mwenyewe asipandishe bei akachukua nyongeza hiyo? Hili ndilo swali linalowasumbua watu wa uchumi, na majibu yake hayapo kwenye vitabu vyao. Fundi ameshatoa ahadi kwa watu mia tatu kwa bei ya siku ile. Wengi wa wateja wake wa kwanza walikuwa askari, polisi na wawindaji, watu ambao sifa zao ndizo zilizomjengea jina, na akiwafungia mlango anabaki na wakusanyaji ambao kesho watahamia kwa mwingine. Pia foleni yenyewe inamtangaza bila gharama. Kisu kinachopatikana wakati wowote hakimshawishi mtu kuamua leo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye maonyesho kama Blade Show, yanayofanyika Atlanta kila mwaka. Fundi anayetafutwa huja na visu vichache, na badala ya kumuuzia aliyefika kwanza hupiga kura: wanaotaka huandika majina, majina huchanganywa, na aliyetajwa hununua kwa bei ya mezani. Kabla jioni haijaingia, baadhi ya visu hivyo huwa tayari viko kwa mmiliki wa tatu, kwa bei iliyopanda. Walanguzi hutukanwa sana, hasa na waliokosa kura, lakini hawakuunda pengo hilo. Wamelikuta kati ya bei anayotaja fundi na bei ambayo watu wako tayari kulipa.

Majaribio matatu

Mtu anaweza kusema hizi ni nadharia. Kisa cha Loveless, kwa bahati nzuri, kimezungukwa na mambo yanayotuwezesha kuzipima.

La kwanza ni chuma. 154CM kilipoingia kwenye visu kilikuwa kitu kipya. Leo ni chuma cha daraja la kati, kinachopatikana kwenye visu vingi vya kiwandani, na vipo vyuma vingi vinavyokishinda katika kushika makali. Kama bei ya Loveless ingetegemea chuma, ingeanguka pamoja na hadhi ya chuma hicho. Haikuanguka.

La pili ni mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Loveless alishirikiana na Steve Johnson, ambaye aliondoka na kuendelea kutengeneza visu vya miundo ile ile kwa njia ile ile. Wapo wakusanyaji wanaosema kazi ya Johnson ni safi kuliko ya mwalimu wake. Baadaye Jim Merritt alifanya kazi Riverside kwa miaka mingi akiwa mshirika, na sehemu kubwa ya kazi ya mkono ilipita kwake. Soko linafanya nini? Kisu cha Johnson chenye jina lake mwenyewe huuzwa kwa sehemu tu ya bei ya Loveless. Kisu ambacho Merritt alikisaga na kikatoka na jina la Loveless hulipwa kama Loveless. Hapa hoja ya ubora inapata kigugumizi. Kwa macho yangu hili ndilo ushahidi mzito kuliko yote, maana linaonyesha kwamba hata ile "mikono" tuliyosema mteja ameiagiza, mwisho wa yote ni sahihi iliyochorwa kwenye ubapa.

La tatu linatoka upande mwingine wa soko, kwenye visu vya kukunja vya taktiki. Rick Hinderer, fundi wa Ohio aliyewahi kuwa zimamoto, alitoa kisu cha XM-18 ambacho kwa miaka kadhaa kilitafutwa kuliko uwezo wa karakana yake. Kikatoka karakanani kwa bei moja na kuuzwa mitaani kwa bei iliyoipita kwa mbali. Kisha akaongeza mashine, akaongeza uzalishaji, akaanza kuwauzia watu moja kwa moja. Kisu hakikushuka ubora. Pengine kilipanda. Ila nyongeza ya walanguzi iliyeyuka, na waliokuwa wamekilipia mara mbili wakabaki na kisu kizuri sana na hasara. Foleni ilipofunguka, bei yake iliondoka nayo.

Loveless ni kinyume cha hapo. Mwaka 2010 foleni yake haikufunguka wala kusogea. Ilifungwa, na idadi ya visu vilivyopo ikawa ndiyo hiyo.

Harufu ya vita

Bado swali moja limebaki: kwa nini mafundi wengine waliokufa, nao hodari, visu vyao havifiki huko? Kuisha kwa bidhaa pekee hakutoshi. Lazima wawepo watu wanaoitaka, na matakwa ya visu vya mapambano yana chanzo chake cha pekee.

Visu hivi huuzwa pamoja na fikra ya mtu ambaye maisha yake yanautegemea ubapa huo. Randall alipata sifa kupitia barua na masimulizi ya askari. Ernest Emerson alijulikana kwa visu vya kukunja alivyowatengenezea makomando wa jeshi la majini la Marekani. Mnunuzi wa kawaida, ambaye kisu chake kitafungua bahasha, hununua pia uhakika kwamba mtu fulani, mahali pabaya, alikiamini. Ukweli ni kwamba askari wengi hubeba kisu cha kiwandani cha bei nafuu na kukitumia kufungulia makopo na kukatia kamba. Hilo halipunguzi mvuto hata kidogo.

Na hapa pana kinyume cha kuchekesha. Big Bear ilisanifiwa kwa ajili ya mapambano ya karibu, na jambo la haraka zaidi la kuiharibia thamani ni kuitumia. Hata kuinoa kunaipunguzia bei, kwa sababu makali ya awali yalikuwa ya Loveless, na makali mapya ni ya kwako. Ndiyo maana hukaa kwenye sefu na kupakwa mafuta.

Kwa Loveless kulikuwa na kundi jingine la wanunuzi, Japani. Mafundi wengi wa huko walimfuata kama shule, kiwanda cha G. Sakai kilifanya kazi naye, na wakusanyaji wa Kijapani wakawa miongoni mwa wenye visu vyake vingi zaidi. Soko lenye wanunuzi wa bara moja tu hutetereka kirahisi. La kwake liliegemea pande mbili za bahari ya Pasifiki.

Karatasi

Bei ikifika hapo, ughushi haukosi kuja. Loveless alikuwa akitia alama yake kwa kuchora chuma kwa tindikali, njia ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiiga, na miundo yake, kama tulivyosema, haikuwa siri. Visu bandia vya Loveless vimekuwa tatizo la kudumu. Kwa hiyo juu ya bei ya foleni imewekwa bei nyingine, ya uthibitisho. Wakusanyaji hutazama mji uliotajwa kwenye alama, Riverside au alikoishi kabla yake, na kuulinganisha na muundo, aina ya parafujo na umri wa vifaa vya mpini. Alama ya mwanamke asiyevaa nguo, aliyoiweka kwenye baadhi ya visu, huongeza bei, na kwa hiyo huongeza pia shauku ya waghushi. Visu viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kikiwa na barua, risiti na picha za mmiliki wa kwanza, kingine kikiwa na maneno ya mdomo tu, vitatofautiana bei kwa maelfu ya dola.

Tatizo la wanunuzi wa leo ni umri. Waliompeleka Loveless juu walikuwa watu waliomjua, waliosimama mezani kwake, waliosubiri kwenye foleni yake na kupokea barua zake. Wengi wao sasa ni wazee, na makusanyo yao yanaanza kurudi sokoni kwa mafungu, huku warithi wao wakitaka fedha kuliko visu. Vijana wenye fedha wanapenda visu vya kukunja, vya titani, vyenye beringi zinazofungua ubapa kwa kuguswa na kidole. Big Bear haikunjiki wala haiingii mfukoni. Idadi yake haitaongezeka, hilo ni kweli, lakini wanunuzi wake wanaweza kupungua, na ile sehemu ya bei isiyotokana na chuma wala saa 25 za kazi inawategemea wao tu.